Usukani, Kikombe na Bi Rosamund

Jumanne, 7 Mei 1889

Bi Rosamund Thirkell anakuja Oxford! Anakuja na shangazi yake kutazama mashindano ya mashua, siku ya mwisho, tarehe ishirini na tisa. Furaha iliyoje! Balaa lililoje! Maana siku ya Pasaka, bustanini kwao, nilimwambia kwamba mimi ni mmoja wa wale tisa wa mashua ya kwanza ya chuo chetu cha Mtakatifu Botolph. Sijui kilichonisukuma. Pengine ni ile kofia yake pana yenye utepe. Alinitazama kutoka chini ya kofia, maneno yakatoka yenyewe.

Ukweli ni kwamba mashua ninayoijua mimi ni ile bapa ya kusukumwa kwa upondo, na hata humo mimi ni mtu wa kulala chali. Leo nimelala humo chini ya mierebi tangu baada ya chakula cha mchana. Mwanga unapenya majani na kucheza juu ya macho niliyoyafumba. Maji yanagonga ubao polepole. Nikamwona Rosamund anakuja kwangu akitembea juu ya maji, viatu vikavu, kitabu cha nyimbo mkononi. Niliposhtuka nilikuwa nimechukuliwa na mkondo mpaka malishoni, na ng'ombe wananikodolea macho.

La kutisha zaidi ni hili. Jumamosi, tarehe mosi Juni, yeye na shangazi wanapanda treni ya jioni kwenda kukamata meli ya Malta, ambako mjomba wake ni mkubwa jeshini. Wanakaa huko miaka miwili! Malta imejaa maofisa wenye masharubu. Nisipomposa kabla ya treni ile kuondoka, ndiyo basi tena.

Kwa hiyo lazima niwemo katika mashua. Nitalala, nitafikiri.

Alhamisi, 9 Mei

Nimemwendea Garforth, kapteni wetu wa mashua. Mtu wa Yorkshire, shingo hana, kichwa kimekalia mabega moja kwa moja. Nikamwambia nimejisikia kukitumikia chuo chetu. Akanipa kasia, akanitazama kidogo tu, akasema, "Tidmarsh, wewe unapiga kasia kama mtu anayekoroga uji asiotaka kuula. Shuka."

Nikashuka. Lakini alinitazama tena juu mpaka chini, akasema kwa wembamba huu, kama Mungu angeniongezea akili kidogo ningefaa usukani. Wenzake wakaangua kicheko. Wacheke tu! Kwani mshika usukani si mmoja wa wale tisa? Tena ndiye pekee anayekaa ameangalia mbele, amevaa koti safi, hatoki jasho.

Tatizo ni kwamba usukani unashikwa na Pilbeam.

Ah, Pilbeam! Mdogo, madoadoa usoni, hutembea akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini. Ndiye aliyenialika kwao Pasaka, na ndiko nilikomwona Rosamund, maana nyumba zao zinapakana. Wamekua pamoja wakichuma matunda ya porini. Humwita "Rosie" mbele za watu, bila haya! Tangu tufahamiane sijawahi kusikia neno kali kinywani mwake. Mtu wa namna hiyo lazima anaficha kitu.

Mpango upo. Mshika usukani anatakiwa awe mwepesi. Basi Pilbeam atanenepa.

Jumatatu, 13 Mei

Kila jioni Pilbeam anakuta mlangoni pake pudini moto ya zabibu, imefunikwa kitambaa, na kadi isemayo: "Kutoka kwa mpenzi wa mto." Mwandiko nimeupinda. Pudini nazitoa jikoni kwa kumsifia mpishi masharubu yake.

Na mimi mwenyewe najikondesha. Chai kavu na biskuti, basi. Mzee Huckvale, mtumishi wa vyumba vya ngazi yetu, anakula chakula changu kwa kusimama pale pale mlangoni, kisha ananishukuru na kuniombea dua.

Njaa ina raha yake, wasiojua hawajui. Leo darasani mhadhiri wa Kilatini aliinuka taratibu kutoka sakafuni, akaelea karibu na dirisha, akiendelea kufafanua vitenzi. Kanzu yake nyeusi ikapepea. Hakuna mwingine aliyeona. Nilitabasamu, akaniuliza kinachonichekesha, nikamwambia ashuke tu polepole asije akaumia. Nimefukuzwa darasani.

Nimempima Pilbeam kwa macho wakati wa sala. Hajanenepa hata kidogo! Anazipeleka wapi?

Ijumaa, 17 Mei

Nimejua anakozipeleka.

Lazima niandike kwa utaratibu. Watu wa mashua wakiwa mazoezini wana sheria ya chakula, na Garforth anaishika kuliko Amri Kumi: nyama iliyopita motoni haraka haraka, mkate wa jana, bia glasi moja. Kitu kitamu marufuku. Sukari, anasema, inaingia kwenye pumzi. Leo asubuhi mtu wa kasia la tano alianguka kutoka kitini mwake katikati ya mto akishika tumbo. Garforth akaanza upelelezi. Nyuma ya banda la mashua akakuta watu wanne, majitu mazima, wamechuchumaa na vijiko, wanakula pudini ya zabibu. Yangu!

Pilbeam ndiye aliyekuwa akiwagawia. Kwa siku zote hizi hakuonja hata kipande. Aliulizwa kwa nini. Akajibu kwa upole, "Walikuwa na njaa, kapteni." Basi! Hakusema zilitoka wapi, hakutaja kadi. Garforth alinguruma mpaka bata wakaruka, akasema kapteni hahitaji adui wa vyuo vingine akiwa na Pilbeam ndani ya nyumba. Akamtoa usukani pale pale.

Nilikuwa nimesimama jirani, kwa bahati tu, na koti safi.

MIMI NDIYE MSHIKA USUKANI!

Jioni Pilbeam amekuja chumbani kwangu. Nikajua sasa yatatoka yaliyofichwa. Akanipa mkono, akanipongeza, akaniletea mto wake wa kukalia maana kiti kile kigumu. Akanishauri jambo moja: nisitazame kingo za mto, nitazame mashua ya mbele tu. Nikamshukuru kwa ubaridi. Alipotoka niliukagua ule mto wa kukalia kama una sindano. Hauna. Mjanja kweli huyu.

Jumatatu, 20 Mei

Alfajiri ya kwanza usukanini. Lo! Kwa nini hakuna aliyeniambia? Ukungu umelala juu ya mto, hakuna nchi wala mbingu, makasia manane yanaingia majini kwa pamoja na kutoka kwa pamoja, mlio mmoja mwororo, halafu kimya, halafu tena. Nilihisi tumeacha dunia. Nikawaza nyumba nyeupe, Rosamund dirishani, watoto wawili au watatu, wote wana utepe.

Tukaingia ndani ya matete. Mashua yote. Batamaji dume akatoka kiotani akamwuma Garforth bega.

Ndipo nikapewa somo. Garforth alisogeza uso wake karibu na wangu, maana kiti chake na changu vinatazamana, akaniambia nisikilize kwa masikio yote mawili. Mto wetu mwembamba, mashua haziwezi kupitana. Kwa hiyo zinapangwa moja nyuma ya nyingine, mzinga unalia, kila mashua inaifukuza iliyo mbele yake. Ukiigonga umeichukulia nafasi. Ukigongwa umepoteza yako. "Sasa sisi wanane tunakaa tumeipa mgongo pua ya mashua," akasema. "Mbele hatuoni kitu. Macho yetu ni wewe, Mungu atusaidie. Tukigonga au tukigongwa, unainua mkono juu. Tukiona mkono, tunaacha makasia, mbio zimekwisha. Kinyume cha hapo, hata nyuki akuingie sikioni, mkono wako ubaki kwenye kamba za usukani. Umesikia wewe Tidmarsh?"

Nikasema nimesikia. Alikuwa na kinyesi cha batamaji begani lakini sikuona kama ni wakati wa kumwambia.

Jumatano, 22 Mei

Siku ya kwanza ya mashindano. Tumegonga!

Mwanzo ulikuwa na kasoro. Kabla ya mzinga, mshika usukani hushika kizibo kilichofungwa kamba iendayo ukingoni, ili mashua isichukuliwe na maji. Mzinga ukilia, unakiachia. Mimi nilikuwa natazama wingu. Wingu lenyewe lilikuwa na umbo la kanisa, na mlangoni palikuwa na watu wawili. Mzinga ukalia, mashua ikaruka, mimi na kizibo tukabaki kidogo nyuma. Garforth alinidaka kwa mguu wa suruali. Mikono imechubuka vibaya sana.

Lakini mashua iliyokuwa mbele yetu nayo ilikuwa na mkosi wake: mtu wao mmoja alinasa kasia majini likampiga tumboni. Tukawapanda kabla hawajakaa sawa. Mkono juu! Watu ukingoni wakapiga kelele, wakapiga bastola hewani, mchungaji mmoja mzee akatupa kofia mtoni akasahau kwamba ni yake.

Sasa tumekuwa wa pili. Mbele yetu imebaki mashua moja tu, ya Chuo cha Askofu Audley, ndio wakuu wa mto. Botolph haijawahi kuwa mkuu wa mto tangu baba yake Garforth apige makasia hapa. Garforth aliniambia hayo akiwa na machozi, akanibusu kipaji cha uso, akanukia bia na jasho. Tukiwa wakuu, akasema, mashua kuukuu itachomwa katikati ya ua wa chuo, kengele zitapigwa, na baba yake atakuja na fimbo yake kuona moto kabla hajafa.

Nikamwambia aniachie mimi.

Jumatatu, 27 Mei

Siku zote hizi tumewafukuza Audley, na kila siku tunakaribia zaidi, bado hatujawashika. Nyuma yetu kuna mashua ya kijani ambayo nayo inatufukuza, ila iko mbali, haitishi.

Chuo kizima kinanitolea kofia. Hata mhadhiri wa Kilatini alinisalimu, akiwa amekanyaga chini barabara. Pilbeam hukimbia ukingoni kila siku akitushangilia mpaka sauti inamkauka. Sauti yake ni ndogo, lakini huwa naisikia. Inanikera.

Keshokutwa Rosamund anafika. Tishali la chuo chetu limefungwa kando ya mto, limepakwa rangi upya, na juu yake wanapangwa akina mama na viti. Nimemchagulia kiti cha mbele kabisa. Nimeona yote: yeye juu pale na mwavuli, sisi tunapita chini, tunawagonga Audley mbele ya macho yake, mimi nimesimama... Hapana, ukisimama mashua inapinduka. Nimekaa, basi, lakini nimekaa kishujaa.

Jumatano, 29 Mei

Nimekauka sasa. Isipokuwa masikio.

Mchana ulikuwa mzuri kupita kiasi, na hilo ndilo kosa. Joto, maua yanaelea majini, muziki kutoka mahali fulani. Mzinga ulilia, kizibo nilikiachia kwa wakati, na mashua ikaondoka kama haijaguswa na maji. Garforth alikuwa mwekundu wa kutisha. Wale wanane hawakuwa watu wanane, walikuwa mgongo mmoja mrefu unaokunjuka na kukunjika. Tukawakaribia Audley. Tukawakaribia zaidi. Tulipofika kwenye matishali, pua yetu ilikuwa inacheza juu ya mkia wao, umbali wa mkono wa mtoto. Garforth akanong'ona bila pumzi, "Bado?" Nikamwambia bado kidogo, bado kidogo sana.

Ndipo nikasikia jina langu.

Nikatazama juu. Nguo nyeupe, ile kofia, ule utepe. Rosamund alikuwa amesimama ukingoni mwa tishali, anapunga leso, anaita, "Bwana Tidmarsh! Bwana Tidmarsh!" Jua nyuma yake. Kila kitu kikanyamaza. Sikusikia makasia, sikusikia watu. Nikawaza: mwungwana hamwachi bibi anapunga leso peke yake.

Nikainua mkono.

Wanane wote wakauona. Makasia yakasimama. Kwa kuwa mbele hawaoni, na walijua tulikuwa tumewafikia Audley, wakaamini tumegonga. Sijawahi kuona furaha kama ile. Wa kasia la tano aliruka akamkumbatia wa nne. Wa saba alilia kwa sauti kama mtoto. Garforth alinishika mashavu kwa mikono yote miwili, akasema, "Baba! Baba ataona moto!" Nami nilikuwa nimegeuza shingo, bado napunga.

Audley wakaenda zao. Nilitaka kusema jambo, sikujua lianzie wapi. Garforth alikuwa bado ameshika mashavu yangu pale mashua ya kijani ilipotugonga kwa nyuma.

Desturi ya mto ni kwamba timu ikishinda, mshika usukani wao hutupwa majini kwa furaha. Mimi nimetupwa bila ushindi, na si kwa furaha. Chini huko palikuwa na utulivu mzuri, maji ya kijani, majani marefu yanayumba, nikasema hapa ningeweza kukaa. Kisha ndoano ya mashua ikanikamata ukosi. Alikuwa Pilbeam. Amenivuta mpaka ngazi za tishali, akanivika koti lake, akaenda kumtafuta Garforth ili amzuie asirudi.

Rosamund akashuka ngazi. Nikajua mambo yamekwisha. Nikaona aheri nizame tena.

Alikuwa anacheka! Anacheka mpaka anajifuta machozi. Akaniuliza ni kweli niliwasimamisha wanaume wanane wakubwa vile ili nimsalimie yeye? Nikasema ndiyo. Sikuwa na nguvu za kutunga kitu kingine. Akasema mambo ya mashua hayaelewi na hayapendi, na kwamba wakati wa Pasaka alijua wazi namwongopea maana nilikuwa nashika mkasi wa bustani kwa ncha. Kilichompendeza, akasema, ni pale niliposinzia kwenye bembea katikati ya hadithi ya shangazi yake. Akasema mtu anayeweza kusinzia vile hana ubaya moyoni.

Kisha akashusha sauti. Jumamosi saa kumi jioni, shangazi atakuwa amelala kidogo kabla ya safari. Nije pale walipopanga, nyumba ya Bi Hatch, ninywe chai. "Kuna swali ningependa kuulizwa kabla ya treni," akasema. "Uje mikono mitupu, Bwana Tidmarsh. Usilete kitu. Uje tu."

Akapanda ngazi. Utepe ukapeperuka. Moyo wangu unanienda mbio hata sasa ninapoandika. Ananipenda! Bila mashua, bila kofia ya rangi za timu, nikiwa na magugu kichwani!

Ijumaa, 31 Mei

Nimefikiri usiku kucha na nimeona mwanga.

Mwanamke kama yule, mwenye roho kubwa kiasi kile, hafai kuposwa na mtu mikono mitupu. Alisema nisilete kitu. Ndivyo wasemavyo wanawake waungwana. Akilini mwake ananiona nimeingia na kikombe.

Na kikombe kipo! Jumamosi saa kumi kasorobo kuna mashindano ya mbio ya chuo, uwanja wa nyasi ule wa nyuma ya bustani. Mbio za maili moja zina utaratibu wa haki: waendao kasi wanaanzia nyuma mstarini, na dhaifu wanasogezwa mbele kwa kadiri ya udhaifu wao. Mpangaji ni Garforth. Nilimwendea leo nikikohoa, nikaburuta mguu. Hakuniangalia usoni. Nikamwuliza nianzie wapi. Akasema nianzie mbali kiasi kwamba asinione. Nikamwuliza mbali kiasi gani hasa. Akatembea, akatembea, akapita mti wa pili, akapiga kigingi chini kwa nyundo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Sijawahi kuona nafasi kama ile. Karibu niguse utepe wa mwisho kabla ya kuanza!

Linabaki suala la chai. Siwezi kuwa mahali pawili. Nimemwendea Pilbeam, maana naye kwa kweli ananidai wema kwa jinsi nilivyomvumilia. Nimemwomba aende kwa Bi Hatch badala yangu saa kumi, amshikie Rosamund mazungumzo mpaka nifike. Nikamwambia: ukiona muda unakwisha, basi uliza wewe lile swali. Kwa ufasaha, kwa moyo, usibabaike. Awe mshenga wangu.

Pilbeam alikaa kitini. Madoadoa yakawa meupe. Akaniambia, "Tidmarsh, ndugu yangu, nenda mwenyewe. Achana na kikombe. Nakusihi nenda." Nikamwambia asinifundishe mapenzi. Akaniuliza mara tatu kama nina hakika. Mara ya tatu sauti yake ilikuwa ya ajabu, kama mtu aliyebeba sanduku zito ngazini. Nikasema nina hakika kabisa. Akasema, "Basi, na Mungu awe shahidi kwamba nimekataa."

Mwoga! Kuuliza swali moja tu.

Jumamosi, 1 Juni

NIMESHINDA!

Kwanza kikombe. Niliondoka kwenye kigingi changu peke yangu, nyasi laini, ndege wanaimba, hakuna mtu mbele wala nyuma. Kwa kitambo nilisahau kwamba ni mashindano, nikadhani natembea shambani, nikapunguza mwendo kutazama vipepeo. Kisha nikasikia kishindo cha miguu nyuma, na juu ya kishindo sauti ya Garforth ukingoni ikisema, "Mkimbizeni! Mkimbizeni huyo!" Sijui kwa nini, miguu ikakimbia yenyewe. Nikakata utepe kwa tofauti ya pua. Kikombe ni cha fedha, kizuri sana, kinatosha yai moja.

Nikaondoka kwenda kwa Bi Hatch. Jua lilikuwa limelegea, njia inapita chini ya mierebi, pumzi imenishinda. Nikaketi kidogo tu, kikombe kifuani, nipange maneno. Maji yanapita, yanapita. Nikamwona Rosamund amekaa dirishani ameshika kikombe cha chai, ananitazama, midomo inasema kitu ambacho sikukisikia. Nikataka kumjibu. Nikaamka kengele za jioni zinalia.

Nilipofika wameshaondoka. Bi Hatch alikuwa anatoa vyombo. Maskini mama wa watu, alinitazama kwa namna ya kunionea huruma, akanikalisha, akanipa keki iliyobaki. Akanieleza yote. Rosamund alikaa dirishani na kofia kichwani, akitazama njia. Kila geti likilia alikuwa anainuka. Pilbeam alikaa pembeni, akachungulia njiani naye, hata alitoka mara mbili kunitafuta. Saa ilipogonga kumi na moja, Rosamund alivua kofia, akalia kidogo. Basi Pilbeam akapiga goti pale pale kwenye zulia, akauliza. Bi Hatch amesikia kwa masikio yake, alikuwa nyuma ya mlango na birika. Anasema hajapata kusikia maneno mazuri vile, tangu wakiwa watoto na matunda ya porini na kila kitu. Rosamund akatazama njia mara moja tena. Kisha akasema ndiyo.

Ndiyo! Nimeposa na nimekubaliwa, nikiwa usingizini chini ya mwerebi! Ni wangapi wanaweza kusema hivyo?

Na Pilbeam nimemfikiria vibaya bure. Mshenga wa namna hii hapatikani. Amewabebea mizigo, amepanda nao treni mpaka bandarini, na Bi Hatch anasema shangazi alimbusu mashavu yote mawili na kumwita mwanangu. Amejisahau kabisa kwa ajili yangu. Hata pete alikuwa nayo! Ya marehemu mama yake, yenye jiwe dogo la buluu, alimvisha pale pale. Bi Hatch aliniambia hilo polepole, akanishika mkono, akaniuliza kama nimeelewa. Nikamwambia nimeelewa vizuri, mama, tena nashukuru.

Nimemwandikia Pilbeam kadi, aikute akirudi. Amwambie Rosamund aivae tu pete hiyo kwa sasa. Nitamletea ya kwangu nikipata nafasi.